Sidonie binti Jaku

Kama kuna kazi iliyomshinda Jaku hapa duniani, ni kufunga mdomo. Alikuwa fundi wa mafriji na viyoyozi, na mahoteli ya Mji Mkongwe yalimwita kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri, si kwa sababu ya ulimi wake. Meneja akimuuliza friji lina nini, Jaku humjibu mbele ya wafanyakazi wake: "Friji halina kitu. Mnalijaza kama gunia la mkaa, halafu mnashangaa halipoi."

Basi mtu kama huyo mpe mtoto wa kwanza baada ya miaka ya kungoja, tena msichana, halafu mpe na jina la huyo mtoto umwambie alikalie kimya mpaka siku ya saba. Atawezaje? Mtoto hata kitovu hakijakauka, Jaku ameshalitoa jina barazani.

Baraza lenyewe lilikuwa nje ya duka la Bi Kaniz, Muhindi wa watu aliyeuza nyuzi na vifungo chini ya nyumba aliyopanga Jaku. Asubuhi ile walikaa wawili pale: Ayoub, rafiki yake Jaku tangu utotoni, anayekodisha vespa kwa watalii, na Kheir, mchinjaji wa soko la Darajani, mtu mzima mwenye ndevu za hina.

"Nshapata jina la binti yangu," alisema Jaku, hata kukaa bado.

"Lete," alisema Ayoub.

"Sidonie."

Ayoub alilizungusha mdomoni kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. "Sidonie. Hilo jina la sabuni, yakhe. Ile ya kipande, yenye picha ya mwanamke kafunga taulo kichwani."

"La mwanangu hilo, si la sabuni."

"La wapi?" aliuliza Kheir.

"La Kifaransa. Tena hata Wafaransa wenyewe siku hizi hawalitumii sana. Ni la kale."

"Ala! Kwa hiyo wenyewe wamelitupa, wewe umeliokota!" Ayoub alipiga kofi goti lake akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Bi Kaniz alitoa kichwa dukani. "Mimi nimelipenda. Lina sauti kama bangili, ukilitikisa linalia. Lakini watalikata, Jaku. Hapa kila jina linakatwa. Mimi Kaniz Fatma, nani ananiita Fatma?"

"Akifika chuoni kusoma Kurani," alisema Kheir polepole, "maalim amwite hivyo hivyo, mbele ya watoto wa watu? Kuna Mardhiya, kuna Riyama, kuna majina tele ya heshima. Umeyakosa yote mpaka ukaazime Ufaransa?"

"Na kisu chako wewe umekiazima wapi? Si kimeandikwa Ujerumani?"

"Kisu si mtoto."

"Na jina si dini. Mke wangu Rahila kashamuuliza sheikh. Kamwambia maadamu jina halina maana mbaya, hakuna tatizo."

Kheir alikuna ndevu. Akasema, "Mimi sijakataza. Nimetoa maoni."

Na kweli yalikuwa maoni tu. Lakini mji ule maoni hayalali njaa. Adhuhuri haijafika, habari ilikuwa imeshapita vichochoro vyote. Jaku alipotoka na mkoba wake wa vyuma kwenda kazini, kijana mmoja alipunguza mwendo wa pikipiki, akapiga kelele, "Jaku! Mwite Zuwena!" akapotea kwenye kona. Hakumjua ni nani. Muuza kashata alimwambia jina refu linamchelewesha mtoto kusema. Mwanamke mmoja asiyeonekana alimwita kutoka dirisha la juu: "Wee fundi! Usiwasikilize! Mpe hilo hilo, tumechoka na yale yale!" Jaku alikwenda akicheka peke yake. Alijiona kama mtu aliyeshinda uchaguzi bila kugombea.

Kilichomzima ni neno moja la Ayoub, jioni, walipokutana tena barazani.

"Na Bi Mashavu kalionaje?"

Jaku aliinama kufunga mkoba wake wa vyuma, na ulikuwa umeshafungwa. Ayoub alimtazama, kisha akakaa sawasawa.

"Hujamwambia mama yako! Loo! Leo Mungu kakuonesha kitu cha kukiogopa."

Bi Mashavu alikuwa mama yake Jaku, mkulima wa mwani wa kijiji cha Jambiani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika mpaka kwenye mwamba wa baharini. Na kwao Jaku kulikuwa na desturi isiyochezewa: msichana wa kwanza, jina lake hutolewa na mama mzaa baba. Haulizwi wala hapigiwi simu. Siku ya saba anakuja nalo kifuani mwake, anamwinamia mtoto, anamnong'oneza sikioni, ili mtoto mwenyewe awe wa kwanza kulisikia. Baada ya hapo ndipo linatangazwa na watu wote wanalijua. Mpaka siku hiyo mtoto anaitwa Mgeni, basi.

Jaku aliijua desturi hiyo siku alipomwahidi mkewe. Rahila alikuwa na mimba ya miezi mingi, miguu imevimba, wamekaa juu ya mkeka. Alisema, "Akiwa msichana, nnataka aitwe Sidonie." Akamweleza kwa nini. Jaku, bila ya kufikiri, akasema, "Limekwisha hilo. Mama mwachie mimi."

Mama mwachie mimi! Ndiyo maneno yaliyomla sasa. Simu aliishika kila siku. Mara moja alipiga kabisa, Bi Mashavu akapokea kwa furaha, "Mgeni wangu hajambo?" na Jaku akajikuta anauliza bei ya mwani.

Rahila alikuwa chumbani, mzazi, anafukizwa udi na kusingwa mwili kwa manukato na dada zake, hana habari. Kila alipouliza, "Mama keshajua?" Jaku alijibu, "Mama hana neno." Na kwa kweli hana neno, maana hajaambiwa kitu.

Siku ya saba ilikuja na jua lake. Nyumba ilijaa tangu asubuhi. Juu ghorofani wanawake, udi, vicheko, sahani zinagongana. Chini uani kondoo mweupe amefungwa kwenye nguzo, sufuria za pilau zinasubiri, na wanaume wamekaa juu ya majamvi wakitoa maoni juu ya kila kitu, kuanzia kondoo mpaka kuni. Bi Mashavu alikuwa bado njiani. Gari lake lilipata pancha, alisema kwa simu, wanabadilisha tairi, msianze bila mimi.

Lakini Kheir alikuwa na akika nyingine, mtoto mwingine wa kuchinjiwa, mtaa wa Malindi, na watu walishampigia. Alinoa kisu, akatazama saa, akanoa tena.

"Jaku, mimi nnakwenda. Ama nachinja sasa ama mtachinja wenyewe."

"Ngoja kidogo mama afike."

"Mama ndiye anayechinjwa? Jina la mtoto atalitaja akifika. Kondoo achunwe kwanza, watu wale wakati wa kula."

Watu waliunga mkono, maana wenye njaa hawakosi. Kondoo alilazwa, akaelekezwa kibla. Ayoub alishika miguu. Kheir aliinama, kisu mkononi, na hapo akauliza kama anavyouliza kila siku ya kazi yake, wala hakuwa na nia mbaya:

"Akika ya nani?"

Mtu mwenye akili angesema, "Ya mtoto wangu." Inatosha, Mungu anamjua. Jaku naye alikusudia kusema hivyo. Lakini alikuwa amesimama mbele ya watu wote, moyo unamruka, damu imempanda usoni kwa furaha, na kitu alichokibeba wiki nzima kilimtoka chenyewe, kwa sauti kubwa:

"Sidonie binti Jaku!"

Kheir alikwishavuta pumzi. Akataja jina la Mwenyezi Mungu, akataja akika ya Sidonie binti Jaku, akapitisha kisu. Kule juu mwanamke mmoja aliyesikia alipiga kigelegele, wengine wakadakia, nyumba nzima ikalipuka. Wanaume walisimama wakampa Jaku mkono. "Hongera! Hongera! Sidonie!" Hata waliolikataa barazani walilisema.

Jaku aligeuka apokee mkono mwingine, akamkuta Bi Mashavu mlangoni. Kashika kikapu, buibui lina vumbi la njia, na kinywa chake kimefungwa.

"Shikamoo mama," alisema Jaku.

Hakuitikiwa.

"Sidonie," alisema Bi Mashavu. "Nani huyo mliyemchinjia?"

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Ayoub, mkono bado uko kwenye mguu wa kondoo, alitazama chini kama anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Mjukuu wako, mama."

"Mjukuu wangu hana jina. Jina lake nnalo mimi hapa." Alijigusa kifua. Kisha akamtazama Kheir, akamtazama kondoo. "Kheir kasikia kabla yangu. Ayoub kasikia kabla yangu. Kha! Hata kondoo kasikia kabla yangu!"

Mtu mmoja alicheka, akajigeuza akakohoa. Bi Mashavu aliweka kikapu chini, akapanda ngazi. Jaku alimfuata mbio, na njia nzima akisema, "Mama, hebu nisikilize, mama," na mama hakugeuka.

"Bi Mashavu!" aliita Kheir kutoka chini. Alikuwa mtu wa haki. "Jina linaweza kubadilishwa! Dini haikazi hapo. Ukitaka jingine, sema tu, akika yake imeshasihi!"

Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Bi Mashavu angeweza kulifuta jina lile pale pale, na asingelaumiwa na mtu. Jaku alilielewa hilo.

Chumbani wanawake walipisha bila kuambiwa. Rahila alikuwa amekaa kitandani, kanga mpya, wanja machoni, mtoto amelala mapajani mwake. Alimuamkia mkwewe kwa uso wa furaha, akamwona alivyo, furaha ikaondoka.

"Marahaba," alisema Bi Mashavu. "Rahila, mwanangu, mimi na wewe tumegombana lini?"

"Hatujagombana, mama."

"Basi nimekukosea nini mpaka jina la mjukuu wangu nilikute uani, kwenye damu?"

Rahila alimtazama mumewe. "Lakini mama umeshaambiwa. Jaku kaniambia huna neno."

"Jaku?" alisema Bi Mashavu.

Nje ya mlango wanawake walisogeza masikio. Jaku alisimama katikati ya chumba, jasho linamtiririka, mkono mmoja una manyoya ya kondoo.

"Sikumwambia," alisema. "Mama, sikukwambia. Nilikuogopa. Wenye mahoteli siwaogopi, mkuu wa polisi akiniletea friji bovu ntamwambia ni bovu. Wewe nakuogopa. Nilipiga simu nikakuuliza bei ya mwani."

"Nikasema huyu kaanza biashara," alisema Bi Mashavu kwa ukali.

"Rahila hana kosa. Nilimuahidi nikamdanganya. Nawe nimekuvunjia haki yako. Ukitaka kulifuta, lifute. Nitakwenda mwenyewe barazani nikawaambie nilikosea."

Alilisema hilo, kisha akamwona Rahila anavyoinamisha kichwa, na akatamani kama angezaliwa bubu.

Bi Mashavu alikaa ukingoni mwa kitanda. Alifungua mkanda wa buibui akapumua.

"Na jina hilo ni la nani?" alimuuliza Rahila. "Mtu, ama mmeokota tu?"

"Mtu, mama. Mtalii, bibi mmoja wa Kifaransa." Rahila alisema taratibu, mkono juu ya mtoto. "Ilikuwa safari yangu ya kwanza kutembeza wageni. Nilijifunza Kifaransa kwa kuungaunga, skuli nilikuwa nshatolewa. Siku ile wageni wale walinicheka. Nikisema neno, wanatazamana. Wengine wakanikimbia wakaenda mbele wenyewe. Yule bibi akabaki nyuma na mimi. Mji mzima huu akatembea na mimi, ananiuliza, ananisikiliza mpaka nimalize, hata nikikosea hanikatizi. Mwisho akaniambia jina lake, akasema, kesho nitakuja tena na wewe, sitaki mwingine. Nilirudi nyumbani nalia kwa furaha. Mama, kama asingekuwa yeye, ningeacha siku ile ile, nami leo ningekuwa sijui niko wapi."

"Ulimwona tena?"

"Kesho yake tu. Basi. Lakini nikasema nikipata msichana, nataka awe mtu wa kumsikiliza mwenzake mpaka mwisho."

"Kwa baba huyu?" alisema Bi Mashavu. Nje ya mlango kicheko kilipasuka, kikazibwa. Rahila naye alicheka huku machozi yakimtoka.

Bi Mashavu hakucheka. Alimtazama mtoto kwa muda. Midomo midogo ilikuwa inanyonya hewa usingizini.

"Wiki hii mlimwita nani?"

"Mgeni, mama."

"Hilo jingine hamjamwita hata kwa siri? Hata wewe, peke yako, unamnyonyesha?"

"Hata mara moja. Nilitamani, tena sana. Lakini nilijua sikio lake ni lako. Nilikuwa nakungoja wewe uje umwambie."

Hapo Bi Mashavu aliinua uso. Jaku alimjua mama yake, na alijua maana ya nyusi zile kupanda.

"Kwa hiyo Ayoub analijua," alisema. "Kheir analijua. Mji mzima unalijua na kondoo kafa nalo. Mtoto mwenyewe ndiye halijui."

"Halijui, mama."

"Hebu nitamkie, sawasawa, kama alivyojitamka mwenyewe yule bibi."

Rahila alimsogelea sikio akamnong'oneza, asije mtoto akasikia. Bi Mashavu alilirudia kimya kimya, midomo tu. Akataka tena. Kisha akasimama, akatoka chumbani, akaufunga mlango nyuma yake vizuri, akapita katikati ya wanawake wote mpaka dirisha la ukumbini linalotazama kichochoro.

"Mama, unafanya nini?" aliuliza Jaku.

"Nnataka kuona kama linaitika. Sisi kwetu maji ya bahari yakitoka tunaitana toka pwani mpaka kule ambako mtu haonekani kichwa. Jina lisilofika halifai kitu, utabaki kupunga kanga tu." Akajaza kifua, akatoa kichwa nje. "Sidonieee! We Sidonieee!"

Sauti ilishuka kichochoroni, ikagonga ukuta wa mbele, ikakata kona. Madirisha yalifunguka. Muuza kashata alisimama. Mtalii mmoja alivua kofia. Bi Kaniz alitoka dukani mbio, mita ya kupimia shingoni, akatazama juu.

"Naam!" aliitika.

"Si wewe!" alisema Bi Mashavu. "Limefika mpaka wapi?"

"Mpaka msikitini limefika! Watu wametoka!"

"Vyema."

Alirudisha kichwa ndani. Jaku alitaka kusema kitu, mama akamnyooshea kidole, akanyamaza. Siku hiyo alinyamaza kweli. Bi Mashavu alirudi chumbani, akamchukua mtoto mapajani mwa Rahila, akamweka begani, shavu kwa shavu.

"Mimi nilikuja na jina langu," alisema. "Zuri. Nimelifikiri tangu siku niliyosikia una mimba. Silisemi, wala msiniulize, nitarudi nalo Jambiani. Haki yangu ni kutoa, na hili ndilo nalitoa mimi. Si Jaku aliyelitoa. Jaku kapayuka."

Kisha akamwinamia mjukuu wake akamnong'oneza sikioni. Hakuna aliyesikia, na kila mtu alijua. Mtoto alifumbua jicho moja, akalifumba. Rahila alijifunika uso kwa kanga akalia kwa sauti, dada zake wakamkumbatia, na wanawake wakapiga vigelegele upya, safari hii hata kina mama wazito waliokuwa jikoni walipanda juu na miko mikononi. Jaku alikaa chini sakafuni pale pale, akacheka na kulia pamoja, mtu mzima na ndevu zake.

Bi Mashavu alishuka ngazi na mtoto mkononi mpaka mlango wa uani.

"Sikilizeni! Nimempa mjukuu wangu jina. Anaitwa Sidonie. Mwenye neno aje aniambie mimi."

Kheir aliinua mikono akaomba dua. Ayoub alifungua kinywa.

"Bi Mashavu, mimi tangu mwanzo nilisema kwamba—"

"Wewe Ayoub shika mguu wa kondoo."

Mtoto alinyolewa pale pale ukumbini, akapiga kelele za kuamsha mtaa, na bibi yake akasema sauti hiyo kairithi kwake. Pilau ilipakuliwa. Kabla hajala hata tonge, Bi Mashavu alitoa simu yake, akaiweka sauti kubwa, akawapigia wenzake wa mwani. Walikuwa wengi upande wa pili, wanapokezana simu.

"Sido nani?" aliuliza mmoja.

"Sidonie."

"Jina gani hilo, Mashavu! Mbona la ajabu hivo? Mimi naona bora mngempa—"

"La ajabu kwako wewe uliyezoea ya kwenu. Nimeliita dirishani hapa, limefika msikitini. Lako wewe halijapata hata kuvuka ua."

Upande wa pili walicheka wote kwa pamoja, mwingine akanyang'anya simu akaanza na yeye kutoa maoni, na Bi Mashavu akaivuta sahani karibu, akajiweka vizuri juu ya mkeka, tayari kwa vita vya mchana mzima. Jaku alisogea, akamwashiria ampe simu aseme kidogo tu.

Mama yake aliziba simu kwa kiganja.

"Wewe peleka nyama kwa majirani," alisema. "Na wakikuuliza kitu, waambie waje kwangu."